Heshima ya Nyuma ya Mgomba

Kiangazi ninachotaka kukisimulia kilitukuta Bondeni, mjini Kyela, katika nyumba ya kupanga yenye baraza upande wa barabara na ua wa migomba upande wa nyuma. Biashara ilikuwa imeruhusiwa kwa kila mtu, na mji ulikuwa umebadilika sura. Duka la ushirika, ambako miaka michache tu kabla ya hapo tulipanga foleni kupata kipande cha sabuni, lilikuwa limekuwa ghala la mtu binafsi; mbele yake palitandazwa mitumba, mabeseni ya plastiki ya kila rangi, na sukari iliyovushwa kutoka Malawi. Mimi nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, kijana bado, mwenye mke na watoto wawili wadogo, na nilikuwa katika likizo yangu ya mwaka. Ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu. Pale nilipoambiwa na mtu mwingine, nitasema kwamba niliambiwa.

Siku zenyewe zilipita bila tukio lolote, na nilizipenda kwa sababu hiyo. Mke wangu aliteka maji mapema, akayaacha juani katika beseni la bluu, na kabla ya adhuhuri yalikuwa yamepata uvuguvugu. Mtoto wetu mdogo, wa kiume, ambaye alikuwa ameanza kusimama kwa kushikilia vitu, aliketishwa humo ndani akakaa kwa utulivu wa mtu aliyelipia kiti. Dada yake, ambaye hakuwa bado ametimiza miaka minne, alimmwagia maji kwa kopo.

"Fumba macho," alimwambia. "Nimesema fumba macho. Haya, yakikuingia usinililie mimi."

Maneno hayo yalikuwa ya mama yake, aliyoyasema asubuhi ile ile. Binti yangu alikuwa mtoto wa namna hiyo. Mama yake akipepeta mchele, yeye alipepeta majani kwenye kifuniko cha sufuria. Mama yake akifunga mtoto mgongoni, yeye alifunga gunzi la hindi na kulibembeleza. Aliupuliza hata uji uliokwisha kupoa, kwa kuwa alimwona mama yake akipuliza. Mimi niliketi kizingitini na kitabu ambacho sikukimaliza likizo nzima, miguu ikiwa ndani ya maji yaliyobaki, na sikumbuki kuwa nilitaka jambo lolote zaidi ya hayo.

Siku za Jumamosi baba yangu alikuja kutoka Njisi kwa baiskeli. Alikuwa mkulima wa mpunga na kakao, mjane, mzee wa kanisa, na alivaa koti refu la mtumba ambalo hakulivua hata katika joto lile lililotufanya sisi wengine tukae vifua wazi. Alipofika kwenye kona kabla ya nyumba yetu alipiga kengele ya baiskeli mfululizo, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kumwondoa kuku njiani. Haikuwa kwa ajili ya kuku. Kengele ile ilikuwa ya mke wangu.

Kwetu Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, haketi naye, hapiti njia anayopita, wala hatamki jina lake. Tunaita kutila, yaani kumwogopa mtu kwa heshima. Kanisa halikudai jambo hilo, na familia nyingi zilikuwa zimeanza kulilegeza. Baba yangu hakulilegeza. Wala mke wangu hakulilegeza, ingawa hakuzaliwa nalo. Yeye ni Mkisi wa pwani ya ziwa, binti wa mfinyanzi wa vyungu kule upande wa Lyulilo. Alilipokea alipoolewa, akalishika kwa uthabiti kuliko dada zangu. Kengele ilipolia, aliacha alichokuwa akifanya, akajitanda kanga kichwani na usoni, akaenda nyuma ya jiko na kupiga magoti akiutazama ukuta. Baba naye aliketi barazani na kuupa ua mgongo. Kwa njia hiyo watu wawili walioheshimiana sana walikaa miaka kadhaa bila mmoja kuijua sura ya mwenzake vizuri.

Shida ilikuwa kwamba kengele ilipolia, binti yangu naye alikimbia.

Mimi nilikuwa barazani nikimpokea baba, hivyo nilichokiona kila mara ni kisigino kikipotea kwenye kona ya nyumba. Mdogo hakuwa na miguu ya kukimbilia. Yeye alinyanyuliwa, akawekwa juu ya koti, naye akavuta vifungo vyake. Baba alimpakata huku akitazama juu ya kichwa chake.

"Mama yuko wapi?"

Mama aliyemuulizia alikuwa binti yangu, kwa kuwa tulimpa jina la marehemu bibi yangu, mzazi wa baba.

"Yuko nyuma, baba."

"Anafanya nini huko nyuma?"

"Anacheza."

"Kila Jumamosi anacheza nyuma," alisema baba, na akatoa tunda la kakao katika mfuko wa koti. Alikuwa akimletea kila alipokuja, maana watoto hupenda kufyonza ute mweupe ulio juu ya mbegu. "Mpe, akitoka huko aliko."

Nilichukulia kuwa ni haya za kitoto ambazo zingepita zenyewe. Kisha tukaenda ziwani.

Tulikaa kwa wazazi wa mke wangu siku za kutosha kuungua na jua. Asubuhi Lyulilo ilijaa mitumbwi iliyoleta vyungu kutoka upande wa milimani, na watoto wangu walizunguka katikati ya vyungu kama mbuzi wadogo huku bibi yao akiwafukuza kwa kutumia kifagio. Mchana tulikaa ufukweni. Mawingu ya kungu, wadudu wadogo wa ziwani, yaliinuka mbali juu ya maji kama moshi wa shamba linaloungua, na binti yangu alitaka kujua ni nani anayepika kule. Mdogo alikula mchanga, akakatazwa, akaula tena kwa kificho. Mke wangu alitembea bila kujitanda, akicheka kwa sauti ambayo kule Bondeni sikuisikia Jumamosi. Na babu yao wa huko, mzee mwenye ndevu nyingi na kikohozi cha kutisha, alipandwa mgongoni na binti yangu kuanzia alfajiri mpaka jua linapozama. Alimshika masikio na kumwongoza kama baiskeli.

Nililiona jambo hilo nikafurahi. Dada yangu, aliyekuja huko siku moja kununua vyungu, aliliona pia, na yeye hakufurahi.

Tuliporudi Bondeni, dada alinijia katikati ya juma. Alikuwa ametoka Njisi.

"Kaka, mkeo anamtisha mtoto."

"Anamtisha na nini?"

"Na baba. Amemwambia mtoto kwamba babu wa Njisi huwatia watoto ndani ya lile koti na kuondoka nao. Ndiyo maana kwa babu wa Kikisi anapanda mgongoni, na kwa baba yetu anakimbia."

"Ulimsikia akisema hivyo?"

"Jirani yako anayeuza mandazi ndiye aliyeniambia."

"Yeye alimsikia?"

"Aliambiwa na msichana wa bombani."

"Na huyo msichana alimsikia?"

"Kaka, hapa si mahakamani."

"Nimeona. Ndiyo maana mnasema mnavyotaka."

"Basi," alisema dada akijifunga kitenge upya, "baba nimekwisha mwambia."

Nilikwenda uani. Mke wangu alikuwa na ungo mikononi, na binti yake kando yake alikuwa na kifuniko cha sufuria.

"Mama watoto," nilisema, "umewahi kumwambia mtoto neno lolote la kumtisha kuhusu baba?"

Aliuweka ungo chini. "Unaniuliza kama mume au kama hakimu?"

"Nauliza tu."

"Basi jibu ni hapana, kwa wote wawili."

Nilimwamini. Hata hivyo imani ya mume si kitu ninachoweza kumpelekea baba yangu mkononi, na nilijua kuwa maneno yale yangekaa Njisi na kuota mizizi. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata sikwenda barazani mapema. Nilisimama katika chumba cha kulala, kwenye dirisha linalotazama uani, nikangoja.

Kengele ililia. Mke wangu alijitanda, akaenda mahali pake nyuma ya jiko na kupiga magoti. Binti yangu aliweka kopo chini. Kutoka chini ya beseni alichomoa kipande cha kanga kuukuu, kilichobaki tulipokata nepi za mdogo wake, akajifunika kichwa na uso, akaenda nyuma ya mgomba ulio karibu na kupiga magoti akiutazama mgomba. Mgomba ule ulikuwa mwembamba. Makalio yake yote yalikuwa nje. Alimtazama mama yake kwa jicho moja, akaona kanga ya mama imeshuka zaidi upande wa kushoto, naye akaivuta yake ishuke vivyo hivyo. Siafu alipompanda mguuni, aliusugua mguu kwa mguu mwingine bila kugeuka.

Mashahidi wengi wenye hofu wamesimama mbele yangu, na hofu naijua inavyokaa katika mabega ya mtu. Mtoto yule hakuwa na hofu. Alikuwa kazini.

Nilitoka nikamsalimu baba. Hakuketi.

"Nimesikia mengi wiki hii," alisema.

"Nami niliyasikia. Sijayaamini."

"Mimi siyaamini wala siyakatai. Ninachojua ni kwamba mama yangu alipokuwa hai hakuwahi kunikimbia hata siku moja. Sasa amerudi, na ananikimbia." Aliweka tunda la kakao juu ya ukuta wa baraza. "Nitakuja tena Jumamosi ijayo. Nikimkuta bado ananikimbia, baiskeli hii nitaitundika. Mtakaponihitaji, njia ya Njisi mnaijua."

Alipanda akaondoka bila kunywa maji. Nilibaki nimesimama, kwa sababu baba yangu hakuwa mtu wa kusema jambo ili lirudiwe au lipunguzwe. Nilikuwa bado nimesimama hivyo niliposikia sauti ya binti yangu uani.

"Mama, babu ameondoka?"

"Ameondoka."

"Nimemheshimu?"

Mama yake alijitandua kanga usoni.

"Leo sikuchungulia hata kidogo," mtoto aliendelea. "Siku ile nilichungulia. Leo hapana."

Nilizunguka nyumba. "Nani alikwambia kwamba babu anaheshimiwa hivyo?"

"Mama."

"Mimi?" aliuliza mke wangu.

"Nilikuuliza, mbona unajificha? Ukasema, sijifichi, namheshimu babu."

Mke wangu aliketi chini palepale alipokuwa. Alifunika mdomo kwa pindo la kanga akacheka bila sauti, mabega yakitikisika, kisha akafuta macho kwa pindo lile lile, na sikuweza kusema kwa hakika ni wakati gani kicheko kiliacha kuwa kicheko.

Niliona kwamba kazi iliyobaki ilikuwa ndogo, ya kueleza tu. Nilimweka mtoto gotini.

"Wewe ni mjukuu. Mjukuu hajifichi. Babu akija, mjukuu anamkimbilia."

"Na mama?"

"Mama ni mkwe. Mkwe ndiye anayejitanda."

Alifikiri. "Kwa hiyo mama ana adabu, mimi sina?"

"Wote mna adabu. Ila adabu yako ni nyingine."

"Mimi nataka ya mama."

Nimezoea maswali ya wazee wa baraza la mahakama, na wengine walikuwa werevu kweli. Siku ile nilimweka mtoto chini nikaenda kutafuta kitabu changu. Juma lote nilimweleza, na juma lote alinisikiliza kwa upole, na kila nilipomwuliza atafanya nini kengele ikilia, aliitazama kanga ya mama yake.

Mwanzoni mwa juma hilo, Jumapili baada ya ibada, kesho yake baba alipoondoka, nilikuwa nimekwenda Njisi. Nilimkuta baba akigeuza kakao mkekani kwa kiganja, punje baada ya punje, kama anayezihoji. Nilimsimulia yote. Hakuacha kugeuza.

"Umeyaona haya, au umeambiwa?"

"Nimeyaona."

"Umeyaona wewe. Mimi sijayaona. Na wewe hakimu, mwana anapomtetea mkewe mbele ya baba yake, utampa uzito gani?"

Hakuwa na kawaida ya kuniita hakimu isipokuwa anaponichokoza. Kanuni ile ilikuwa yangu, au tuseme niliipata kwake.

"Basi njoo uone mwenyewe," nilisema.

"Nitaonaje? Nikipita uani nitamkuta mkamwana wangu. Unataka nimvunjie heshima ili nijue kama naheshimiwa?"

Tulikubaliana kwamba Jumamosi inayofuata mke wangu angekwenda mtoni kufua, na asingerudi mpaka baba awe ameondoka.

Siku yenyewe mke wangu alitoka mapema, beseni la nguo kichwani, baada ya kumchana binti yake nywele kwa uangalifu kuliko siku nyingine. Nilibaki na watoto. Nilitumaini kwamba mama asipokuwapo, hapangekuwa na wa kuigwa, na mtoto angekuja barazani. Kengele ililia kwenye kona, ndefu kama kawaida ingawa hapakuwa na wa kumwonya. Binti yangu aliinamia beseni la bluu, akachomoa kitambaa chake, akaenda kwenye mgomba.

"Pita nyuma, baba," nilisema.

Tangu tuhamie nyumba ile hakuwahi kukanyaga ua. Alipita polepole, akikohoa kila hatua, akakwepa hata kutazama jiko. Kigoda cha mke wangu kilikuwa hapo karibu, hakukikalia. Nilimletea kiti kutoka ndani, hakukitaka pia. Alisimama akautazama mgomba mwembamba, na kitambaa, na makalio, na nyayo mbili zilizopangwa sawasawa. Alitazama kwa muda mrefu sana. Kisha alichuchumaa mahali hapo hapo, akalivuta koti lake kutoka nyuma, akajifunika nalo kichwa chote.

Tukakaa hivyo. Mdogo alitambaa akamfikia, akavuta kifungo, hakikutoka, akaenda zake. Kitambaa cha kanga kilisogea kidogo upande mmoja.

"Baba," binti yangu aliniita kwa mnong'ono, "babu anafanya nini?"

"Muulize mwenyewe."

Aliinua pindo la kitambaa. "Babu, unafanya nini?"

"Namheshimu mama yangu," ilijibu sauti ndani ya koti.

"Mimi?"

"Hapa nani mwingine ana jina lake?"

Mtoto aligeuka mzima mzima ili amkague. "Umekaa vibaya. Mgongo wako unaonekana wote."

"Na wako je?"

Alijipapasa nyuma, akaona kuwa ni kweli.

"Mama," alisema baba, "tukiheshimiana namna hii, tutaonana lini?"

"Wewe funua kwanza."

"Mimi ni mzee, na nikianza mimi nitakuwa sina adabu. Na koti hili lina joto. Njoo unifunue wewe."

Alikwenda. Alikwenda kwa hatua fupi, kitambaa kikiwa bado kichwani, na alipofika hakumfunua. Aliinua pindo la koti, akainama, akaingia mle ndani na kulishusha nyuma yake. Lilikuwa lile lile koti ambalo mtaa mzima ulisema anaogopa kutiwa ndani yake. Sikusikia walichoambiana humo, na kwa hiyo sikiandiki. Niliona tu kwamba koti lilitikisika, na kwamba baba yangu, ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipomzika mama, alikuwa akicheka.

Mke wangu alirudi mapema kuliko tulivyokubaliana. Sikumlaumu. Nilimwona nje ya uzio wa matete, beseni la nguo mbichi kichwani. Alisikia kicheko kile, akageuka papo hapo na kuupa ua mgongo. Baba alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye nguo. Alitoa kichwa nje ya koti, akageukia upande wa pili, na wawili hao wakawa wamepeana migongo, uzio ukiwa katikati.

"Mama," alimwambia mjukuu wake kwa sauti iliyotosha kufika barabarani, "nenda ukamwambie mwenye ua huu kwamba mtoto wake amelelewa vizuri. Mwambie ndaga." Ndiyo asante ya kwetu.

"Yuko pale, babu. Anakusikia."

"Nenda ukamwambie."

Alikimbia mpaka kwenye uzio. "Babu anasema nimelelewa vizuri. Anasema ndaga."

"Mwambie babu," alisema mke wangu akiwa ameielekea barabara, na sauti yake haikuwa imara, "mwambie asiondoke. Ninapika wali."

Mtoto alirudi mbio. "Anasema usiondoke, kuna wali."

"Mwambie wali aliotupikia siku ile ya kipaimara kanisani ulikuwa na pilipili nyingi."

Akakimbia tena. Niliambiwa na baba, miaka mingi baadaye, kwamba hakuwa na ugomvi wowote na pilipili ile. Alitaka tu kumwona mtoto akienda na kurudi.

Dada yangu alisikia habari nyingine kabisa ya siku ile, ambamo mimi nilimchapa mtoto fimbo, na bado anaisimulia. Baiskeli haikutundikwa. Jumamosi zilizobaki za kiangazi kile, na za viangazi vingine vilivyofuata, kengele ililia kwenye kona, na binti yangu aliacha kopo chini na kwenda kwa mama yake kwanza. Alimvuta kanga ishuke vizuri upande wa kushoto, akarudi nyuma hatua moja kumkagua. Akishahakikisha kuwa mama yake amefunikwa sawasawa, ndipo alipotoka mbio kwenda njiani, kile kitambaa kikiwa mkononi, kwa ajili ya kubebea kakao.